Mlo wa Mafuta kwa Wachanga Wenye Kifafa: Sare Iliyobeba Habari

Mwaka 2023 jarida la Lancet Neurology lilichapisha matokeo ya KIWE, jaribio lililofanyika katika hospitali 19 za Uingereza. Watoto 136 wa umri wa mwezi 1 hadi miezi 24, ambao dawa mbili au zaidi za kifafa zilishindwa kuwatuliza, waligawanywa kwa kura: 78 wakapewa mlo wa ketojeniki, 58 wakapewa dawa nyingine. Matokeo yalikuwa sare. Ni rahisi kusema mlo umeshindwa, lakini mpango wa jaribio unaonyesha vingine.

Tuanze na mlo wenyewe. Dkt. Russell Wilder wa Mayo Clinic, Marekani, aliupendekeza mwaka 1921, kwa kuwa ilikwisha kuonekana kwamba mgonjwa akifunga, kifafa hupungua. Wanga ukibanwa na mafuta yakiongezwa, ini hutengeneza ketoni, na ubongo huzitumia mahali pa sukari. Hivyo mwili hukaa katika hali ya kufunga huku mtoto anashiba.

Ugumu uko kwenye mizani. Chukua, kwa mfano wa hesabu tu, mtoto wa kilo 8 anayehitaji kalori 600 kwa siku. Kwa uwiano wa gramu 3 za mafuta kwa gramu 1 ya protini na wanga kwa pamoja, atapata mafuta kama gramu 58, na protini na wanga gramu 19. Akihitaji protini gramu 12 ili akue, wanga unaobaki ni gramu 7 kwa siku nzima. Kiasi hicho kinapatikana katika mililita 100 tu za maziwa ya mama. Ndiyo maana maziwa hayo hupimwa na kuchanganywa na maziwa maalumu yenye mafuta mengi, na hata sukari iliyomo kwenye dawa ya maji huhesabiwa.

Sasa turudi kwenye sare. Mwaka 2008 jaribio jingine la Uingereza, la watoto 145 wa miaka 2 hadi 16, lilionyesha kwamba baada ya miezi mitatu asilimia 38 ya waliokula mlo huu walipungukiwa na kifafa kwa zaidi ya nusu, dhidi ya asilimia 6 ya wenzao. Lakini wenzao hao hawakubadilishiwa tiba. KIWE iliupa mlo mshindani halisi, yaani dawa mpya. Katika wiki ya 6 hadi ya 8, idadi ya kati ya mishtuko kwa siku ilikuwa 5 kwa wenye mlo na 3 kwa wenye dawa, tofauti ambayo kitakwimu haitoshi kumtangaza mshindi.

Sare hiyo nayo ina mipaka. Mlo hauwezi kufichwa, kwa hiyo wazazi walioandika mishtuko kwenye shajara walijua mtoto wao yuko upande gani. Waliohesabiwa mwishoni walikuwa 61 kati ya 78, na 47 kati ya 58. Watoto watatu walifariki, wote wa upande wa mlo, ingawa wachunguzi waliamua kwamba vifo hivyo havikutokana na tiba. Madhara makubwa yalikaribiana: asilimia 51 kwa mlo, 45 kwa dawa.

Hukumu yangu ni hii: mlo umestahili kuwekwa mezani dawa mbili zikishindwa, sambamba na dawa ya tatu. Kwa mtoto ambaye ubongo wake haupokei sukari vizuri kwa sababu ya kasoro ya GLUT1, ndio tiba ya kwanza. Kwa mwenye kasoro ya kuchoma mafuta mwilini unaweza kumuua, hivyo vipimo hutangulia. Mzazi, usimwanzishie mtoto mlo huu nyumbani wala usimkatizie dawa. Muulize daktari wa watoto kama hospitali yenu ina mtaalamu wa lishe anayeujua.