Si Kila Treni Ina Mvuke

Nina ugomvi na hadithi zetu za mtandaoni kuhusu neno moja: garimoshi. Mhusika anapanda stesheni ya TAZARA, Temeke, na mwandishi keshaandika kwamba garimoshi lilikoroma kwa mvuke, chuku-chuku. Mvuke gani tena, jamani? Reli ile ilikabidhiwa mwaka 1976 ikiwa na vichwa vya dizeli. Mwingine anampandisha shujaa wake treni ya Ubungo, iliyoanza 2012, na bado ni yaleyale.

Neno lenyewe silikatai. Hata treni ya umeme iliyofika Dodoma 2024 wapo wanaoiita garimoshi, na tunaelewana. Shida ni mwandishi anayeokota neno, halafu akadhani ameshakiona kitu.

Chukueni sauti. Kichwa cha mvuke chenye silinda mbili hutoa mapigo manne kila gurudumu linapozunguka mara moja. Mvuke uliokwisha kusukuma pistoni unatokea kwenye bomba la moshi kwa kishindo, na ukitoka unavuta hewa ipite motoni. Mlimani mapigo yanakuwa mazito, ya polepole, na moto unakolea. Anayelijua hili ana mizani mkononi, kama mshairi. Asiyelijua anaandika chuku-chuku kutoka Pugu mpaka Kigoma, njia nzima iliyokamilika 1914, bila kupumzika.

Aina nazo zilitofautiana. Katikati ya miaka ya 1950 Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki lilipokea vichwa 34 vya daraja la 59 kutoka kiwanda cha Beyer, Peacock, Manchester. Ni vya aina ya Garratt: boila moja katikati, imebebwa na seti mbili za magurudumu, kila seti na pistoni zake, ili uzito wa tani 250 hivi ugawanyike na kona zipindike. Mapigo yake ni kama ngoma mbili, mara zinaoana, mara zinapishana.

Sasa someni majina. Daraja la 59 lilipewa milima, la 60 magavana, na vichwa vidogo zaidi vya madaraja ya 29, 30 na 31 vikapewa makabila. Pale Makumbusho ya Reli, Nairobi, utakuta Mount Shengena, mlima wa Upare. Nyaturu, watu wa Singida. Na Sir Harold MacMichael, aliyekuwa gavana wa Tanganyika. Mimi naisoma orodha hiyo kama maandishi kamili, na mwandishi wake ni mtawala. Gavana ana jina na cheo. Wanyaturu wote wamebanwa kwenye kibao kimoja. Dereva na mchochea moto aliyekesha naye hawamo kabisa.

Hapo ndipo hadithi zetu zingefanya kazi, na ndipo zinaponiudhi. Kibao cha mtawala kiliwaruka watu hao, na sisi tunawaruka tena kwa chuku-chuku. Shirika lile lilivunjika 1977, kwa hiyo kijana wa wakati huo leo ni mzee wa miaka sabini na kitu, huenda yuko mtaani kwako Tandika au Mwananyamala. Kabla hujaandika, mwamkie, umuulize: kichwa chenu kilikuwa namba ngapi, mzee, kiliwashwa kwa kuni au mafuta, na mlima wa Pugu mliupandaje?