Mtu Aliyesimama Kati: Ufundi wa Adam Shafi na Riwaya Inayodaiwa na Uluguru

Riwaya nne za Adam Shafi zinazohusu historia ya Zanzibar zina mipangilio miwili. Ukifuata miaka ya kuchapishwa, unaanza na Kasri ya Mwinyi Fuad (1978), unaingia Kuli (1979), unaruka miaka 20 hadi Vuta N'kuvute (1999), unamalizia na Haini (2003). Ukifuata matukio, Kuli inatangulia, maana ni habari ya mgomo wa makuli wa Unguja wa 1948. Vuta N'kuvute inafuata na harakati za miaka ya 1950, halafu Kasri na Mapinduzi ya Januari 1964, kisha Haini na kamatakamata iliyofuata mauaji ya Rais Karume, Aprili 1972. Nimezisoma kwa mipangilio yote miwili hapa Morogoro. Anayetaka kuijua Zanzibar afuate matukio. Anayetaka kuandika afuate uchapishaji, kwa sababu huko ndiko anakomwona fundi akikomaa kitabu baada ya kitabu.

Ufundi huo una asili ya mbali. Mwaka 1814 Walter Scott wa Uskoti alitoa Waverley bila kuweka jina lake juu ya jalada. Riwaya hiyo inasimulia uasi wa 1745, tukio ambalo wazee wa Uskoti walikuwa bado wanalikumbuka wakati yeye anakua. Scott hakumkabidhi msomaji kwa mfalme wala kwa kiongozi wa waasi. Alimchukua kijana wa Kiingereza, Edward Waverley, afisa wa jeshi la serikali, akampeleka milimani, akamfanya awapende watu ambao kwa kiapo chake alipaswa kupigana nao. Kwa kuwa kijana huyo ana mguu mmoja huku na mwingine kule, msomaji anaingia kambi zote mbili bila kulazimishwa. Wakubwa wa historia wanapita kwa muda mfupi, wanasema maneno yao, wanaondoka. Anayebeba kitabu ni mtu wa kawaida aliyesimama kati.

Katika Kasri, Shafi anamweka Kijakazi mahali hapo. Ni mtumishi aliyezeeka katika utumwa wa nyumba ya Fuad, anatukanwa na kudhalilishwa, lakini moyo wake uko kwa bwana wake. Huu ni uamuzi wa kijasiri kwa mwandishi aliyeyaunga mkono Mapinduzi. Njia rahisi ingekuwa kumfanya mtumishi awe wa kwanza kushangilia. Shafi anamfanya awe wa mwisho kuamini. Mapinduzi yanafika hadi mlangoni na Kijakazi bado anamlilia bwana, na msomaji anaelewa jinsi utawala wa makabaila ulivyokaa ndani ya watu, mbali na kule kwenye hati za mashamba ya mikarafuu. Udhaifu wa kitabu uko upande wa pili: Fuad ni mwovu kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Scott aliwapa hata waliokuwa wanashindwa heshima yao, ndiyo maana kushindwa kwao kunauma. Fuad akianguka hakuna kinachouma.

Kuli inapiga hatua moja na kurudi nyuma moja. Rashidi, mtoto wa kuli, anaingia bandarini, na kazi ya kubeba mizigo imeandikwa kwa uzito unaoweza kuusikia mgongoni. Lakini mgomo unapokaribia, watu wanaanza kuhutubiana. Msomaji wa Morogoro anaweza kuvumilia hotuba hizo, kwa kuwa moto ule haukuwa wa Unguja peke yake. Mombasa iligoma Januari 1947, makuli wa Dar es Salaam wakagoma Septemba mwaka huohuo, na mgomo ukapanda na reli ya kati kwenda bara. Hata hivyo Rashidi hana upande wa pili wa kumvuta. Anaamka, basi.

Kisha ikaja Vuta N'kuvute, na hapo ndipo ningemwomba kila anayejifunza uandishi akae. Yasmin ni msichana wa Kihindi wa miaka 15 aliyeozwa kwa Raza, mwenye duka aliyempita umri mara tatu na zaidi. Anamkimbia. Ndugu zake wanamfungia mlango. Anapokelewa na Mwajuma katika mtaa wa Ng'ambo, kisha anampenda Denge, kijana aliyesoma Urusi na anayewindwa na polisi wa Inspekta Wright. Tazama kazi anayofanya msichana huyu mmoja. Akitoka nyumbani kwa mumewe anatufungulia ndoa za kupangwa na utengano wa jamii uliolindwa na ukoloni. Akiingia kwa Mwajuma tunaiona Ng'ambo kutoka jikoni na kutoka kwenye ngoma, mbali na ripoti ya mkuu wa wilaya. Akimpenda Denge, siasa inaingia chumbani bila kuhitaji jukwaa. Hakuna sura inayosimama ili mwandishi atufundishe historia, maana kila mlango anaoufungua Yasmin ni historia. Na Raza amechorwa mtu: unaweza kumlaumu na kumhurumia katika ukurasa mmoja. Kilichokosekana kwa Fuad kimepatikana. Sishangai kwamba Amil Shivji alipoifanya filamu, iliyotoka 2021, aliona hadithi ya kuibeba iko kwa Yasmin.

Haini ni kisa kingine kabisa. Shafi mwenyewe aliwahi kutiwa kizuizini, na kitabu kinamfungia msomaji na Hamza gerezani. Mtu wa kati hana tena pa kwenda, kwa hiyo historia inamjia kwa sauti za nje, maswali ya wapelelezi na minong'ono ya wafungwa. Rais aliyeuawa anaitwa Kigogo tu. Jina halisi lingemfanya msomaji aanze kubishana juu ya mtu mmoja mkubwa, wakati kitabu kinataka aone woga ulivyogawiwa kwa wadogo.

Ninayaandika haya kwa sababu Morogoro ina tukio linalodai riwaya ya namna hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa kuhifadhi ardhi ya Uluguru. Watu walilazimishwa kuchimba matuta ya ngazi kwenye miteremko na kukatazwa kuchoma mashamba. Upande wa Mgeta, wenye mboga na maji ya kumwagilia, ngazi zilikuwa na faida. Upande wa mashariki udongo mzuri ni tabaka jembamba: ukichimba ngazi unaufukia na kuuleta juu udongo usiozaa. Wakulima waliliona hilo katika mavuno yao. Julai 1955 ghasia zikalipuka Matombo, polisi wakafyatua risasi, mtu akauawa. Mpango ukafa, na TANU, iliyokuwa na mwaka mmoja tu, ikapata masikio milimani.

Nani asimame kati? Shujaa wa TANU atatupa Kuli nyingine. Bwana mkubwa wa Kizungu atatupa Fuad mwingine. Mimi ningemchukua bwana shamba kijana, mzaliwa wa hukohuko, anayelipwa na serikali kupima ngazi. Kwa Waluguru ardhi ni ya ukoo, na ukoo ni wa upande wa mama. Kwa hiyo shamba analokwenda kulikagua liko mikononi mwa wajomba zake, na mjomba ndiye aliyempa mahali pa kulima. Asubuhi anaandika majina ya wasiochimba. Jioni anakula kwenye nyumba ya mmoja wao. Amefundishwa kwamba mmomonyoko unaimaliza milima, na hilo ni kweli. Anaona mahindi yamedumaa juu ya ngazi alizozisimamia, na hilo pia ni kweli. Hapo pana riwaya, kwa kuwa hakuna upande unaoweza kumpa amani.

Lugha itakuwa mtihani. Scott alisimulia kwa Kiingereza na kuwaacha wakulima wake waseme Kiskoti. Katika The Heart of Midlothian ya 1818, Jeanie Deans anaitetea roho ya dada yake mbele ya Malkia kwa lafudhi ya kwao, na nguvu ya ombi lake iko humo. Shafi anategemea Kiunguja kinachotiririka chenyewe. Mwandishi wa Uluguru atahitaji Kiswahili cha bomani kwa amri na Kiluguru kwa ugomvi wa ndugu, na aamue mapema ni wapi bwana shamba wake anabadili lugha katikati ya sentensi.

Upande wa utawala umeandikwa: Roland Young na Henry Fosbrooke waliuchambua katika kitabu chao cha 1960. Ambacho hakijaandikwa ni kilichozungumzwa majumbani Matombo, Mkuyuni na Kinole usiku wa kuamkia ghasia. Aliyekuwa na miaka 10 mwaka 1955 ameshafikisha 80. Aendewe kwanza yeye, kabla ya nyaraka, aulizwe nani alishika jembe siku ya ngazi, walilipishwa faini gani, na nani alikula na bwana shamba jioni ile.