"Kuachiwa Huru" na Kushtakiwa Tena

Miongoni mwa kanuni za sheria zinazojulikana na watu wengi lakini hutajwa vibaya ni ile inayokataza mtu kurudishwa mahakamani kwa kosa ambalo limekwisha kutolewa hukumu. Tangu Sheria Na. 1 ya mwaka 2021 ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama nchini Tanzania, haja ya kuipatia kanuni hii jina moja lililo wazi imezidi. Tumeyapima majina matatu tunayokutana nayo katika tafsiri, na hatukuridhika na hata moja.

La kwanza ni "hatari maradufu". Hicho ni Kiingereza kilichovikwa kanzu. Msomaji asiyejua asili yake atadhani linahusu dereva mlevi katika barabara yenye utelezi.

La pili, "adhabu mbili kwa kosa moja", lina ladha ya usemi wa kawaida, ila linaacha nje nusu ya kanuni. Mtu aliyeonekana hana hatia hakupata adhabu yoyote, naye ndiye anayeihitaji kanuni hii kuliko wote. Tena huwapoteza watumishi wa serikali, ambao huuliza kwa nini mwenzao aliyefungwa apoteze na kazi pia. Kanuni hii ni ya mashauri ya jinai. Mashauri ya nidhamu yana taratibu zake.

La tatu ni "kushtakiwa mara mbili kwa kosa moja". Hili ndilo lililoenea, na kwa kuwa linakaribia ukweli, ndilo lenye madhara makubwa zaidi. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 haikatazi kila shtaka la pili. Inachokataza ni kumshtaki tena mtu ambaye mahakama yenye mamlaka imekwisha kusikiliza shauri lake, ikamtia hatiani au ikamwona hana hatia, maadamu uamuzi huo ungali na nguvu. Ibara ya 50 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 nayo yadai kwamba mtu awe amekwisha kutiwa hatiani au kuonekana hana hatia. Mfasiri wa Tanzania hana maneno ya Katiba ya kuegemea katika jambo hili, kwani ibara ya 13(6) ya Katiba ya mwaka 1977 haikuitaja kanuni yenyewe. Hata hivyo ibara hiyo inatufundisha jambo moja la thamani: yatenga "kosa", yaani tendo lililokatazwa, na "hatia", yaani yale yanayothibitishwa juu ya mtu.

Laiti utengano huo ungefuatwa katika maneno "kuachiwa huru"! Mwendesha mashtaka akiyaondoa mashtaka kabla mshtakiwa hajaitwa kujitetea, mshtakiwa huachiliwa, lakini aweza kushtakiwa tena kwa mambo yale yale. Akiyaondoa baada ya mshtakiwa kuitwa kujitetea, mahakama humwona hana hatia, na mlango umefungwa. Vivyo hivyo, Mkurugenzi wa Mashtaka anapoieleza mahakama kwamba hana nia ya kuendelea na shauri, hakuna hukumu iliyotolewa. Magazeti yetu huandika "aachiwa huru" katika hali zote hizo. Mtu akikamatwa tena pale pale langoni, wasomaji hulalamika kwamba sheria imevunjwa, ilhali lililotokea sheria yaweza kuliruhusu. (Kama yafaa iruhusu, hilo ni swali jema la wanasheria, wala si la ukurasa huu.) Anayeumia zaidi ni mshtakiwa mwenyewe, aliyesikia neno "huru" akatupa karatasi zake na kuwaambia mashahidi wake waende zao.

Wako wanaopendekeza "kuachiwa" kwa hali moja na "kuachiliwa" kwa nyingine. La hasha! Silabi moja isibebeshwe uhuru wa mtu. Na "kuondolewa hatia", ambayo wengine huipenda, hudokeza kwamba hatia ilikuwapo.

Sisi twapendekeza "kinga ya hukumu ya awali". Pasipo hukumu, kinga haipo; hukumu ikitenguliwa, kinga nayo huanguka. Tazama shauri la mauaji ya Stephen Lawrence, aliyeuawa London mwaka 1993. Mmoja wa washtakiwa alionekana hana hatia mwaka 1996. Uingereza ilibadili sheria yake mwaka 2003, na ilibidi Mahakama ya Rufani itengue kwanza uamuzi ule mwaka 2011 ndipo shauri lake liliposikilizwa tena naye akatiwa hatiani Januari 2012. Jina tulilopendekeza laeleza mwendo huo wote. "Kushtakiwa mara mbili" halielezi.

Tutaambiwa kwamba kwa watu wengi "kuhukumiwa" ni kufungwa. Ni kweli, na walimu wana kazi hapo: uamuzi wa kwamba mtu hana hatia nao ni hukumu. "Kuachiwa huru" tungeliweka kwa huyo peke yake. Kwa yule mwingine, karani na aandike, na hakimu asome kwa sauti: "Mashtaka yameondolewa. Unaachiliwa, ila unaweza kushtakiwa tena."