Kutoka volti 1.5 hadi 300 ndani ya flashi ya kamera

Fungua kamera ya filamu ya kutumia mara moja, zile za Kodak na Fujifilm zilizotamba miaka ya 1990, utakuta betri moja tu ya AA, kama ya rimoti. Pembeni kuna kapasita iliyoandikwa 330V. Betri ina volti 1.5, ilhali kitube cha flashi chenye gesi ya zenoni kinataka takriban volti 300. Pengo hilo linazibwa na transista moja, transfoma ndogo na dayodi.

Transfoma haipandishi umeme uliotulia. Lazima mkondo wa betri ukatwekatwe kwanza, na hapa namvulia kofia aliyebuni saketi hii, maana kazi ya kukata ameiachia transfoma yenyewe. Ina koili ya tatu, yenye mizunguko michache, inayorudisha umeme kwenye besi ya transista. Mkondo ukianza kupita koili ya kwanza, hiyo ya tatu huifungua transista zaidi, na mkondo huzidi kupanda mpaka transista ifike kikomo chake. Hapo kupanda kunakoma, koili ya tatu inakosa umeme, transista inajifunga. Kisha inaanza upya, maelfu ya mara kwa sekunde. Kule kulia kwembamba unakokusikia flashi ikichaji ndiko kukatwakatwa huko kwa mkondo.

Koili ya pili, ya waya mwembamba kama unywele, ina mizunguko mingi mno. Volti zinapanda humo, na dayodi inaziruhusu kuingia kwenye kapasita bila kurudi. Kitaa cha neoni kikiwaka, chaji imetosha.

Nishati haijaongezeka hata chembe. Kapasita ya mikrofaradi 120 kwenye volti 300 inabeba jouli 5.4. Betri huzichangia kwa sekunde kadhaa. Flashi huzimaliza kwa kama elfu moja ya sekunde, sawa na wastani wa kilowati 5 kwa kitambo hicho. Kinacholipwa ni muda, na sehemu ya nishati ya betri inapotea njiani kama joto.

Wewe unayependa kufungua vitu: kutoa betri hakumalizi chaji. Usiipige shoti kapasita kwa bisibisi. Tumia rezista ya kiloomu 2 hivi, ya wati 5, ukiishika kwa koleo lenye mpini wa plastiki, kisha pima kwa multimita kabla hujagusa chochote.