Mgeni wa Sayari ya Mbali

Wasomaji wengi wamepata kumwona Superman, yule mtu mwenye nguvu za ajabu, katika sinema au juu ya fulana za watoto; lakini ni wachache waliosoma kitabu alimotokea kwanza. Leo twapenda kukipima kitabu hicho, maana kina neno la kutufaa.

Kilitolewa Marekani mwaka 1938, nacho chaitwa Action Comics. Waliomtunga shujaa huyo ni vijana wawili wa mji wa Cleveland, Jerry Siegel mwandishi na Joe Shuster mchoraji, wote wana wa Wayahudi waliohamia ugenini. Wasimulia kwamba sayari moja ilikuwa ikiangamia kwa uzee, na baba mmoja akamtia mwanawe mchanga katika chombo, akamrusha hata duniani. Mtoto huyo hana tena kwao pa kurudi. Nguvu zake wazieleza kwa mfano mzuri: sisimizi hubeba mzigo unaomzidi uzito mara nyingi, na panzi huruka mbali kupita kimo chake, basi naye ni vivyo hivyo. Wakati ule hakuruka kama ndege, alichupa tu.

Twakisifu kitabu kwa kuwa shujaa wake hakuanza kwa kupigana na majitu. Amwokoa mwanamke aliyehukumiwa kufa bila kosa, na amzuia mume apigaye mkewe. Maovu hayo twayajua, kwa hiyo twamwamini.

Lakini kasoro moja ni kubwa. Mtoto aokotwa na mtu apitaye kwa motokaa, apelekwa katika nyumba ya mayatima, kisha mara amekuwa mtu mzima aliyekwisha kata shauri kuwafaa wanadamu. Ni nani aliyemfunza huruma? Kitabu hakisemi. Nguvu peke yake hazimfanyi mtu kuwa mwema. Fahali naye ana nguvu.

Mwaka 1939 watungaji walilitengeneza jambo hilo, katika kitabu kilichoitwa kwa jina la shujaa mwenyewe. Humo wamo wazee wawili, mume na mke, wa jina la Kent, waliomwokota na kumlea. Baba amwonya azifiche nguvu zake, watu wasije wakamwogopa. Mama amwambia kwamba wakati utakapofika azitumie kuwasaidia wanadamu. Ni picha chache tu, nasi twasema kwamba ndizo moyo wa hadithi yote.

Sisi wa Kimamba twaweza kulifahamu jambo hili upesi. Reli na mashamba ya mkonge vilileta hapa watu wa makabila mengi, wengine bila ndugu hata mmoja. Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Ni kweli, lakini mgeni hawezi kumponya mwenyeji asiyempokea.

Basi mzazi akimkuta mwanawe na kitabu cha namna hii, asimnyang'anye. Na amwulize: shujaa huyu alilelewa na nani?