Toleo, Ridhaa na Kumbukumbu: Uhakiki wa Urejeshaji wa Matoleo ya Awali ya Michezo ya Kompyuta kwa Mkabala Linganishi na Mchezo wa Bao

Ikisiri

Makala haya yanahakiki tendo la wachezaji wa michezo ya kompyuta la kurejesha toleo la awali baada ya kuletewa sasisho wasilolitaka. Matini teule ni tatu: Grand Theft Auto IV, Warcraft III na RuneScape. Matini hizo zinalinganishwa na mchezo wa bao unaochezwa Kihagara, ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Uchambuzi umeongozwa na Nadharia ya Upokezi. Hoja kuu ni kwamba anayerejesha toleo la awali hatetei ukale wa matini, bali anadai nafasi yake katika kuamua mabadiliko ya matini hiyo. Makala yanapendekeza kwamba mhakiki wa mchezo wa kompyuta ataje toleo alilolisoma, kama afanyavyo mhakiki wa utenzi.

1.0 Utangulizi

Kihagara ni miongoni mwa kata za Wilaya ya Nyasa mkoani Ruvuma, wilaya iliyomegwa kutoka Mbinga. Hapo ufukweni, mchezo wa bao na mchezo wa simu hukaa chini ya kivuli kimoja: wazee wameinamia kete, vijana wameinamia vioo vya simu. Siku moja simu ya mwandishi wa makala haya ilipowekewa bando, ilijisasishia yenyewe mchezo wa mpira wa miguu uliokuwamo. Bando likaisha. Mchezo ulipofunguliwa haukuwa ule uliozoeleka. Vitufe vilikuwa vimehamishwa, mechi zilizochezwa bila mtandao sasa ziliuhitaji, na timu iliyojengwa kwa miezi kadhaa haikuonekana tena. Kijana wa jirani alikuwa amehifadhi faili la toleo la zamani katika kadi yake ya kumbukumbu. Toleo jipya likafutwa, usasishaji wa kujiendesha ukazimwa, faili la zamani likahamishwa kwa Bluetooth, na mchezo ukarudi. Timu haikurudi.

Mzee mmoja aliyekuwa mbaoni alitaka kujua ni nani aliyebadili mchezo ilhali waliokuwa wakiucheza hawakuulizwa. Makala haya yanalichukua swali hilo kuwa swali la uhakiki. Mara nyingi urejeshaji wa toleo la awali huelezwa kuwa ni suala la ufundi tu, au ni unyong'onyevu wa watu wanaotamani siku zilizopita. Maelezo yote mawili hayatoshi. Mchezaji anayerejesha toleo amekwisha kufanya kazi tatu za mhakiki: amelinganisha matini mbili, amebaini tofauti zake, na amehukumu ipi kati ya tofauti hizo imeharibu maana.

2.0 Mkabala wa Kinadharia

Nadharia ya Upokezi, kama ilivyowekewa misingi na Hans Robert Jauss na Wolfgang Iser katika Chuo Kikuu cha Konstanz nchini Ujerumani, inashikilia kwamba maana ya matini hukamilishwa na msomaji. Jauss anazungumzia upeo wa matarajio ambao msomaji huuleta mbele ya matini. Iser anazungumzia mapengo ambayo msomaji huyajaza. Nadharia hii inaufaa mchezo wa kompyuta kwa sababu iliyo wazi: mchezo usiochezwa hauna tukio.

Hata hivyo, mchezo wa kompyuta unaigeuza nadharia hii. Kwa Jauss, matini hubaki ilhali vizazi vya wasomaji hubadilika, na historia ya upokezi ni historia ya mabadiliko hayo. Katika mchezo unaosasishwa, msomaji hubaki ilhali matini hubadilika mikononi mwake. Upeo wa matarajio alioujenga kwa matini ya jana unakutana leo na matini nyingine yenye jina lilelile.

Tofauti hii inadhihirika tukiangalia utamaduni wa uhariri wa tenzi. Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir ina toleo la William Hichens la mwaka 1939 na la James de Vere Allen la mwaka 1977. Mtafiti asiyeridhika na maamuzi ya mhariri mmoja hurejea kwa mwingine, au hurejea kwenye miswada. Toleo la 1977 halikuingia maktabani na kulifuta la 1939. Uhakiki wa matini umejengwa juu ya dhana hiyo, kwamba toleo la awali linaweza kufikiwa. Sasisho la lazima linaiondoa dhana hiyo.

3.0 Bao na Matoleo Yanayoishi Pamoja

Bao lina mashimo 32 katika safu nne za mashimo manane manane, na kete 64. Juu ya ubao huohuo huchezwa zaidi ya mchezo mmoja. Katika bao la kujifunza, kete zote hupangwa mbilimbili mashimoni tangu mwanzo. Katika bao la Kiswahili, kila mchezaji huanza na kete kumi ubaoni, sita zikiwa katika nyumba na nne katika mashimo mawili ya jirani, na kubakiza kete 22 mkononi za kuingiza moja moja katika hatua ya namua kabla ya kufikia mtaji. Upande wa pili wa ziwa, nchini Malawi, mchezo huu huitwa bawo.

Jambo la kuzingatiwa ni mahali toleo linapokaa. Ubao haujui kanuni na kete hazijui kanuni. Toleo hukaa katika makubaliano ya watu wawili kabla kete ya kwanza haijaingia shimoni. Anayetaka kuongeza kanuni sharti amshawishi mwenzake, na asiporidhiwa mchezo huendelea kama ulivyokuwa. Bao hubadilika, lakini halibadiliki nyuma ya mgongo wa mchezaji. Ndiyo maana bao la kujifunza halikufa pale anayejifunza alipofuzu. Limebaki kwa ajili ya atakayemfuata.

Haidaiwi hapa kwamba bao ni bora kuliko mchezo wa kompyuta. Kinachodaiwa ni kwamba bao linatupatia kipimo. Kwa kipimo hicho tunaweza kuuliza, kwa kila mchezo wa kompyuta, toleo lake linakaa mikononi mwa nani.

4.0 Grand Theft Auto IV: Sauti Iliyoondolewa

Mchezo huu wa kampuni ya Rockstar ulitolewa mwaka 2008. Mhusika mkuu, Niko Bellic, ni mhamiaji kutoka Ulaya Mashariki anayewasili Liberty City, mji wa kubuni uliochorwa kwa kufuata New York. Anapoendesha gari, mchezaji huchagua kituo cha redio. Kimojawapo ni Vladivostok FM, kilichopiga nyimbo za Kirusi na za nchi jirani.

Mwezi Aprili 2018, baada ya muda wa leseni za muziki kwisha, sasisho liliondoa nyimbo nyingi za mchezo huo. Kituo kilichoguswa zaidi kilikuwa Vladivostok FM, na nyimbo zake nyingi zilibadilishwa kwa nyingine. Walioununua mchezo miaka kumi nyuma waliguswa pia. Wachezaji wengi wa kompyuta walijibu kwa kurudi kwenye matoleo yaliyotangulia sasisho hilo.

Kisheria, sababu ya kampuni inaeleweka. Kifani, athari yake haikuwa ndogo. Redio katika mchezo huu ni sehemu ya mandhari na ya usawiri wa mhusika. Niko amekuja kutafuta maisha katika mji unaomtazama kama mgeni, na ndani ya gari la wizi anasikia sauti zinazokaribiana na za kwao. Tuchukulie riwaya ya Mzanzibari aliyeko London ambaye kila jioni husikiliza taarabu ileile, kisha mchapishaji abadili taarabu hiyo kwa nyingine iliyotungwa miaka kumi baadaye. Hadithi ingesomeka, lakini kumbukumbu ya mhusika ingekuwa ya mtu mwingine. Nyimbo mpya za Vladivostok FM ni za Kirusi pia, lakini ni sauti tofauti na zile zilizochaguliwa mwaka 2008 kumsindikiza mhusika huyu.

Kwa hiyo, mchezaji aliyerejesha toleo la awali alifanya kazi ya mhariri wa matini. Kama mhariri mwaminifu, alilazimika kuyapokea hata makosa ya toleo hilo. Toleo la awali la kompyuta lina hitilafu zake za kiufundi, na anayelirejesha hurudi nazo. Uaminifu kwa matini hauruhusu kuchagua uzuri peke yake.

5.0 Warcraft III: Toleo Lililofunikwa

Warcraft III ya kampuni ya Blizzard ilitoka mwaka 2002, na nyongeza yake mwaka 2003. Ubora wake mkubwa ulikuwa kuwapa wachezaji zana za kujitungia ramani na kanuni. Kutokana na zana hizo ulizaliwa mchezo wa DotA, ambao uliasisi tanzu nzima. Kwa lugha ya Nadharia ya Upokezi, hapa wapokezi hawakujaza mapengo tu; walitunga.

Januari 2020 kampuni ilitoa toleo lililofanyiwa ukarabati, Warcraft III: Reforged. Aliyekuwa na mchezo wa zamani na kutaka kucheza kupitia mtandao wa kampuni alilazimika kupakua programu mpya, hata kama hakununua ukarabati huo. Wakati wa kutolewa kwake, mambo yaliyokuwamo awali, kama vile koo za wachezaji na orodha ya kuwapanga kwa viwango, hayakuwapo. Malalamiko yalikuwa makubwa kiasi kwamba kampuni iliwarudishia fedha wanunuzi walioomba.

Kwa kipimo cha bao, kosa kuu lilikuwa kufunika toleo la zamani, kuliko kutoa toleo jipya lenye upungufu. Ukarabati mbaya unaokaa kando ya mchezo wa asili ni suala la ladha: asiyeupenda ataupita. Ukarabati unaoketi juu ya mchezo wa asili unamnyang'anya mchezaji uwezo wa kulinganisha, na bila ulinganishi uhakiki hubaki maneno ya anayekumbuka dhidi ya maneno ya asiyekuwapo.

6.0 RuneScape: Ridhaa Iliyorejeshwa

Mfano wa tatu unatoa jibu ambalo mifano miwili ya kwanza haikulitoa. RuneScape, mchezo wa mtandaoni wa kampuni ya Jagex ya Uingereza, ulianza mwaka 2001. Novemba 2012 mfumo wake wa mapigano ulibadilishwa kwa kina, na wachezaji wengi wakaukimbia. Hapa mchezaji hakuwa na faili la kurejesha, kwa kuwa mchezo wenyewe ulikuwa ndani ya seva za kampuni. Februari 2013 Jagex iliitisha kura. Kura zilizopigwa zilikaribia 450,000, na mwezi huohuo nakala ya hifadhi ya Agosti 2007 ilifunguliwa kwa jina la Old School RuneScape.

Kama wachezaji hao wangekuwa wanatamani ukale tu, mchezo huo ungebaki kama ulivyokuwa mwaka 2007. Haikuwa hivyo. Old School imeendelea kuongezewa maeneo, kazi na kanuni. Kilichobadilika ni utaratibu: mapendekezo ya nyongeza yalipelekwa kwa wachezaji, na mwanzoni yalihitaji kuungwa mkono na asilimia 75 ya waliopiga kura. Wachezaji walewale waliokataa sasisho la 2012 waliyapokea mengi yaliyofuata, kwa sababu safari hii waliulizwa.

Hapa ndipo hoja ya makala haya inapothibitika. Toleo la 2007 lilikuwa mlango. Kilichoingia kupitia mlango huo ni ridhaa. Mchezo wa seva ulikaribia kidogo hali ambayo bao halikuwahi kuipoteza. Ni kidogo tu, kwa kuwa kura huitishwa na mwenye seva na inaweza kuondolewa naye.

7.0 Mjadala na Hitimisho

Pingamizi moja lina uzito. Masasisho mengine huziba mianya ya kiusalama na kuwazuia wadanganyifu, na anayerudi nyuma hujiweka hatarini yeye na wenzake. Pingamizi hili ni la kweli, lakini linahusu sasisho linalotibu, si linalotunga upya. Kuunganisha aina hizo mbili katika kifurushi kimoja, ili anayetaka tiba ameze pia utunzi mpya, ni uamuzi wa mwenye mchezo wala si sharti la teknolojia.

Pamoja na hilo, ridhaa ina gharama isiyolingana mahali pote. Mwenye intaneti isiyokatika anaweza kupakua, kujaribu na kurudi nyuma. Kwa mwenye bando dogo, kupakua ni uamuzi wa mara moja. Sasisho la kujiendesha likimwamulia, limetumia fedha yake kumletea matini asiyoiomba.

Kwa watafiti na watahini, matokeo ya uhakiki huu ni ya kivitendo. Tasnifu inayochambua muziki wa Grand Theft Auto IV bila kutaja toleo haiwezi kuthibitishwa: mtahini atakayeufungua mchezo uliosasishwa atasikia nyimbo nyingine na kudhani mtahiniwa amekosea. Inapendekezwa kwamba namba ya toleo na tarehe ya kuchezwa vitajwe katika sura ya mbinu za utafiti, na kwamba hifadhi za vyuo vikuu zijadili namna ya kutunza matini za aina hii sambamba na tahakiki zake, kwa kuzingatia sheria ya hakimiliki.

Kwa sasa hali ni kinyume. Hifadhi itayatunza makala haya kwa miaka mingi, ilhali toleo la mchezo lililoibua swali lake, kwa kadiri mwandishi alivyoweza kulipata, limo katika kadi ya kumbukumbu ya kijana mmoja wa Kihagara. Kadi hiyo haina katalogi wala nakala ya pili. Siku itakapoharibika, mzee wa baoni ataendelea na mchezo wake kama kawaida, na mhakiki atabaki na maelezo ya matini ambayo hakuna awezaye kuifungua.