Fundi mitambo wa singeli

Sherehe ikinoga Nambambo, kule Nachingwea, sifa huenda kwa mwenye shughuli, wapishi na mshereheshaji. Fundi mitambo, aliyeshusha spika tangu mchana na kuzifunga kamba zisianguke, hukumbukwa muziki ukikatika tu.

Silaha yake siku hizi ni singeli, muziki uliochipuka uswahilini Dar es Salaam, Manzese na Tandale, kutokana na mchiriku na taarabu. Prodyuza hukata kipande kifupi cha kinanda cha taarabu, akakizungusha, akakitia ngoma na kukikimbiza mpaka mapigo 200 kwa dakika, wakati mwingine 300. Yote hayo kwenye kompyuta kuukuu, chumba kidogo, joto kali. Mwaka 2017 lebo ya Kampala, Nyege Nyege Tapes, ilitoa mkusanyo wa Sounds of Sisso kutoka studio moja ya Dar es Salaam, na Ulaya ikaanza kuulizia. Uswahilini walikuwa wameshaucheza kwa miaka.

Kazi ngumu ya fundi ni kuunganisha nyimbo. Bibi anataka taarabu, kijana singeli, mjomba sebene. Mapigo ya mitindo hiyo hayalingani hata kidogo. Fundi huweka spika ya masikioni sikio moja, hupunguza besi ya wimbo unaotoka, husubiri pigo, ndipo huachia. Akikosea kidogo tu, uwanja mzima unasimama na kumkodolea macho.

Alfajiri wageni wamelala, yeye bado anakunja nyaya. Mwenye shughuli, usimwambie arudi kesho kufuata salio lake.